Sentensi Niliyoshindwa Kuimaliza Mbele ya Uwase

Batsinda, Gasabo,
Kigali.
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Alida,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima ya huku Batsinda. Habari za Kigoma? Shemeji Niyongabo hajambo, na duka lake la vifaa vya ujenzi linakwendaje? Arnaud na Iteka je? Yule Iteka meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka amefunika mdomo? Na mgongo wako? Mara ya mwisho ulikuwa unashindwa hata kuinama kuosha vyombo, nikakuambia uache kubeba ndoo mbili kwa mpigo, wewe ukacheka. Natumaini umeacha, ingawa nakujua ulivyo mbishi.

Sisi hapa hatujambo. Mvua za Machi zimeanza, na njia ya kuteremkia kwetu imekuwa ya kuvulia viatu. Kazi ipo, maana watu wanaoa kama waliambiwa wasichana wataisha. Mwili wangu hauna ugonjwa. Ni usingizi tu ulionikimbia, na hiyo ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Lakini simu yako inashikwa na watoto, na shemeji ndiye anayekusomea ujumbe ukiwa na unga mikononi, umeniambia mwenyewe. Kwa hiyo barua hii nampa Silvère, dereva wa lori la Kigoma anayepakia mizigo karibu na kazini kwangu Gikondo. Nimemwapisha akupe wewe mkononi, asiiache dukani. Kama uko na watu, ikunje uisome baadaye. Na ukianza kusoma, kaa chini.

Ni habari za Uwase.

Unajua Salvator ni mwaka wa tatu sasa yuko Kanada, na tangu mwaka jana anatuombea karatasi mimi na Uwase tumfuate. Alipojaza fomu alikuta visanduku viwili: mtoto wa kuzaa, na mtoto wa kuasili kwa hati ya korti. Akaweka alama kwenye cha kuzaa. Hakufikiri hata dakika, na mimi ningekuwa pale ningeweka hapohapo. Kwetu nani aliwahi kwenda kortini kuomba karatasi ya mtoto wa mdogo wake? Mtoto wako ni mtoto wangu, tumekua hivyo Bujumbura, na wazee wetu walikua hivyo. Hata sikuona kwamba tumesema uongo, Alida. Nakuapia.

Mwezi uliopita ofisi inayoshughulikia karatasi zetu, pale Kimihurura, ikatuletea barua. Mimi na Uwase tufike Jumatano tarehe 26 Machi tuchukuliwe mate, wapime kama kweli nilimzaa.

Najua umeshanielewa. Kipimo kitakwenda kusema lile jambo ambalo sisi wanne, wewe na mimi na Salvator na marehemu mama, tulikubaliana tusilitamke. Na anayekwenda kulisikia kwanza kutoka kwa watu asiowajua ni Uwase, ambaye hajui chochote.

Sasa ngoja nikusimulie jambo la Kiingereza, usione nimepotea njia.

Salvator alisema nijifunze Kiingereza ili siku ya kuhojiwa nijibu mwenyewe, nisitegemee mkalimani. Kifaransa chetu cha shule kimebaki cha kusalimia mapadri. Mwalimu wangu ni Uwase. Akitoka shule anapitia kazini, anakaa kwenye stuli ya pembeni ya meza ya pasi, anachukua chaki yangu ya ufundi na kuandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi cha bitana nilichokipigilia ukutani. Ni mkali, sijui amemrithi nani. Ukikosea anatikisa kichwa kama sista mkuu. Na ana sheria yake moja: msemo mpya lazima niutumie katika sentensi tatu, na zote ziwe za kweli. Anasema ukitunga tu maneno hayakai kichwani.

Jumanne ya wiki iliyopita akaniandikia msemo: *on pins and needles*. Ni kwamba mtu amekaa juu ya pini na sindano. Akanieleza kuwa Waingereza wanausema pale mtu anapongoja jambo ambalo hajui litaangukia wapi, hatulii, anakaa, anainuka, anachungulia mlangoni, anashika hiki na kukiacha. Mimi nikabisha. Nikamwambia nina miaka zaidi ya ishirini na pini, nyingine nazishika kwa meno, na sijawahi kuzikalia. Fundi anayekalia pini ni mzembe, ndiyo maana tuna kimto cha kuzichomeka. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ni roho, Mama, si pini za kweli. Basi nikamwambia hao Waingereza hawana adabu. Kwa Kiswahili roho inakuwa juu juu, kwa Kinyarwanda moyo unasimama, sisi wasiwasi wetu tunauweka kifuani mahali pa heshima, wao wanaukalia!

Tulicheka siku ile, Alida. Nakuambia ili ujue kwamba bado tunacheka.

Nikaanza sentensi zangu. Ya kwanza: niko juu ya pini na sindano kwa sababu bibi harusi hajaja kujaribu gauni. Akanipa vema. Ya pili: niko juu ya pini na sindano kwa sababu baba yako hajapiga simu tangu Jumapili. Vema tena. Kisha akaweka chaki chini, akasema sasa tufanye ya tarehe 26, hiyo ndiyo ya kweli kabisa. Nikaanza vizuri tu. Nilipofika kwenye "kwa sababu", nikanyamaza.

Alidhani nimekosa maneno. Akaanza kunisaidia moja moja, maskini. Ya safari? Ya ndege? Ya ile baridi ya kwa Baba? Kila mara natikisa kichwa. Mwishowe akaninyooshea mkono wenye chaki akanigusa goti.

"Mama, ile kipimo iko mate tu, ni kama kupiga mswaki. Mimi siogopi hata. Si niko mtoto wako? Watapima, wataona, basi."

Alisema hivyo huku anatafuna andazi. Nami, badala ya kumjibu, nikamfokea kwamba anamwaga chembe kwenye satini ya watu. Nilimfokea vibaya, mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakageuka. Sijawahi kumfokea hivyo tangu azaliwe. Akafuta ile bitana kwa kiganja chake, akachukua begi lake, akatangulia nyumbani.

Kesho yake nilikata mikono ya magauni ya wasimamizi wa harusi, nikakata yote ya kushoto. Unajua satini ina uso na mgongo, huwezi kuigeuza ukajidanganya. Donatille, yule ninayeshirikiana naye chumba cha kazi, akainyanyua juu akaiangalia.

"Yewe Pudentienne! Hii mikono yote iko ya kushoto. Hao wasichana wako na mikono ya namna gani, weye?"

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia. Donatille akaacha cherehani yake akaja kukaa nami. Nikamwambia ni kichwa kinauma. Hakuniamini, lakini ni mtu mwenye staha, akanitengenezea chai na kunisaidia kutafuta satini nyingine ya rangi ileile.

Ijumaa nilikwenda Kimihurura peke yangu. Nilimwambia Uwase nakwenda kununua zipu. Nilipokelewa na mama mmoja wa makamo, mpole, nikamweleza kila kitu kwa Kinyarwanda maana Kiingereza chote kilinitoka. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini hatukuweka alama kwenye kisanduku cha pili. Nikamjibu kwamba hati ya korti hatuna, na kwamba kwetu hakuna kisanduku cha mtoto wa mdogo wangu. Akainamisha kichwa, nikaona amenielewa, ni mtu wa huku.

Alichoniambia ni hiki. Tukisema wenyewe kabla ya tarehe 26, itahesabiwa kuwa tulikosea kujaza fomu, na maombi yataangaliwa upya kama ya mtoto wa ndugu. Kipimo kikitutangulia, itakuwa tumedanganya, na jalada linafungwa. Tunatakiwa kuleta barua yangu na ya Salvator ya kueleza. Na inatakiwa barua ya mama aliyemzaa, imetiwa sahihi mbele ya wakili, kwamba ndiye aliyemzaa na anakubali mtoto aondoke nami. Habari za baba yake unazijua wewe, sikuulizi. Huyo mama alisema barua yako inatosha kwa kuanzia. Tena Uwase ana miaka kumi na sita, atahojiwa peke yake chumbani. Wataanza kwa kumuuliza ni nani aliyemzaa.

Hapo ndipo nilipo.

Nilirudi kwa miguu mpaka nilipochoka. Njiani nilikuwa nawaza siku ya nane, tulipompa jina. Unaikumbuka? Sijawahi kuitaja kwako kwa miaka yote hii. Tulikuwa tumehamia hapa Batsinda mwezi uleule ili majirani wasitujue. Mama akanilaza kitandani, akanifunika blanketi, akaniwekea mtoto kifuani. Wanawake wakaja na maziwa, wakanipongeza, wakasema amefanana nami pua. Watoto wa majirani wakala maharage na kumpendekezea majina. Na wewe, mwenye miaka kumi na tisa, ulikuwa jikoni unapakua hayo maharage, kitenge kimelowa kifuani, na kila mtoto alipolia mle chumbani ulisimama na mwiko mkononi. Nilikuona mlangoni. Nikageuza uso ukutani.

Watu wote, hata wewe, mmekuwa mkisema nilikusaidia ili urudi shule. Ni kweli nilikusaidia. Lakini nilikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto, Alida, na siku ile nililala kwenye kile kitanda nikiwa na furaha. Nilifurahi huku nakuona umesimama mlangoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fomu ya Salvator. Nisamehe. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo kila tulipoonana, sasa nimeliandika.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, nilikuwa namenya viazi, Uwase akaja akakaa mbele yangu akachukua kisu cha pili. Kwa siku tano alikuwa ananijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama" tu, na chakula anakichokonoa. Akaniuliza bila kuniangalia kama Baba ameoa mwanamke mwingine huko Kanada. Nikasema hapana. Akauliza kama mimi ni mgonjwa na ninamficha. Nikasema hapana. Akamenya kiazi kizima mpaka kikabaki kama goroli. Halafu akaisema ile sentensi ya tatu yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole, kama anavyoniambia mimi nitamke: yeye ndiye yuko juu ya pini na sindano, kwa sababu mama yake anamficha kitu.

Ilikuwa sahihi kila neno. Sikuweza kumpa vema.

Nilikuwa najidanganya kwamba namkinga. Kumbe mtoto anakonda kwa kutunga mambo kichwani mwake, leo baba ana mke mwingine, kesho mama anakufa. Nilimshika mikono yote miwili, ikiwa bado na maji ya viazi, nikamwambia: nina neno la kukuambia, si ugonjwa na si mke mwingine, nipe wiki mbili, nitakuambia Jumapili ya tarehe 23. Akakubali. Tangu siku hiyo ameanza tena kula kidogo, ila ananitazama sana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kumwambia nitamwambia. Hilo nimeshalikatia shauri, na Salvator amekubali, ingawa alilia kwenye simu. Sikuandikii kukuomba ruhusa. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua kabla yake.

Ninachokuomba ni ile barua ya kwa wakili. Silvère anarudi Kigali Ijumaa tarehe 21, mpe yeye, ndani ya bahasha iliyofungwa. Karatasi nyuma ya hii nimekuandikia maneno ambayo yule mama wa ofisini alisema yawemo, uyaandike kwa mkono wako.

Najua nakuomba nini. Niyongabo alikuoa akiamini hukuwahi kuzaa. Ni mtu mwema, lakini hata mtu mwema huumia. Labda ukiweka sahihi kwa wakili wa Kigoma neno litamfikia kabla hujafika nyumbani. Mimi siwezi kukuambia umweleze au usimweleze, hiyo ni ndoa yako. Ninachojua ni kwamba mimi nimelibeba hili nikiwa na mume anayejua, na bado limeniinamisha. Wewe umelibeba peke yako, ukiwa na mtu anayelala kando yako. Sijui unawezaje.

Kama huwezi kabisa, niambie haraka, na wala sitakulaumu. Ila ujue basi kwamba sitaondoka. Simwachi Uwase kwa jirani wala kwa shule ya bweni ili nifuate theluji. Salvator atakuja kututazama kila atakapopata likizo, nami nitaendelea kushona hapa Gikondo, na Kiingereza changu nitawasalimia nacho watalii. Hilo sikuliandika ili kukutisha. Nakuambia tu ili usifikiri kuna njia ya tatu ambayo nimeificha.

Na usinijibu kwa ile "sawa dada" yako. Ninaijua. Ulinijibu hivyohivyo siku ile mama alipotuambia atakavyofanya, na sote tuliichukua kwamba umekubali.

Kinachoniogopesha zaidi nikuambie. Naogopa kwamba Jumapili hiyo, nikimaliza kusema, ataniita kwa jina langu. Au hataniita kitu. Nimejizoesha mbele ya kioo namna ya kuanza, na kila mara nafika katikati nasikia sauti yake inaniuliza kwa nini tulimfanyia hivyo. Niombee. Ukiwa kanisani washa mshumaa, hata kama ni ule mdogo.

Mengine ni ya kawaida. Salvator anakusalimu sana, anasema anakukumbuka na ubishi wako. Donatille anakusalimu bila kukujua, kwa sababu nimemwambia namwandikia mdogo wangu. Wewe nisalimie shemeji Niyongabo kwa heshima zote, na uwabusu Arnaud na Iteka, uwaambie mama mkubwa anawashonea nguo za Pasaka, unitumie vipimo vyao.

Uwase amenikuta naandika, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mama mdogo wa Kigoma. Amekaa mlangoni anasuka nywele, na sasa hivi amesema nikufikishie salamu nyingi. Hajakuona tangu akiwa na miaka sita, anasema anachokumbuka ni kwamba ulimkata kucha, na ulikuwa unamshika vidole taratibu sana. Anataka kujua kama utakuja kumuaga kabla hatujaondoka. Nimemwambia nitakuuliza.

Basi nakuuliza, Alida.

Mungu akushike mkono wiki hii, na akupe nguvu nyumbani kwako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Pudentienne